Sanduku la Kaka Aimé

Jumamosi, 7 Oktoba

Soko zuri. Kuku wameisha kabla ya saa sita, na vile viazi vinavyokaa chini ya kuku vikinyonya mafuta vimeisha kabla ya kuku wenyewe. Hapa Castelgarric, mji wa kiwanda cha kuunda ndege, ukitaka kujua kama ndege zinauzwa usisome gazeti, njoo usimame nyuma ya gari langu. Oda zikiwa nyingi kiwandani watu wananunua bata mzima na hawaulizi bei. Oda zikipungua wananunua nusu kuku na wanauliza kama shingo ni ya bure. Leo ni kuku wazima tupu, na mama mmoja kachukua wawili. Kiwanda kinapumua, basi na mimi napumua.

Mchana nimempelekea kaka yangu Aimé paja na viazi. Hakula. Mkewe, shemeji Huguette, kanifungulia mlango nusu kama kawaida yake, utadhani nimekuja kumuuzia mazulia.

"Viatu, Titou."

Nikavua. Miaka yote hii mimi navua viatu, mumewe anapita na mabuti yenye grisi mpaka jikoni.

Aimé anakohoa tangu kiangazi. Anasema ni vumbi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Autan umeanza kuvuma. Huu upepo ukija kutoka upande wa bahari hata mbwa wa kasisi anauma. Turubai langu limeruka likaenda kumvaa mwalimu mkuu kwenye baiskeli. Nikamwambia limempendeza.

Alhamisi, 12 Oktoba

Huguette kaniambia ngazini, kwa sauti ya chini, ingawa nyundo za kazi zilimfanya Aimé kiziwi, hata akiwa chumba cha pili asingesikia bomu. Mapafu yote mawili. Daktari anasema labda Krismasi ataiona, labda hataiona. Sigara, alianza kuvuta akiwa bado anavaa kaptula.

Katika familia hii kazi yangu ni kuchekesha. Huguette akaningojea kidogo, kisha akaingia ndani.

Jumapili, 15 Oktoba

Leo naandika mengi maana usingizi wa mchana umenikataa.

Aimé kaniita gerejini kwake. Amekaa kwenye kiti cha ndege, kile cha daraja la kwanza alichokiokota zamani, blanketi magotini. Nikamfokea sikioni, "Kaka, ndege inaondoka saa ngapi?" Hakucheka. Akaniambia nikae.

Kila mtu hapa mjini anajua kwamba nusu ya vitu vya majumbani vimetoka kiwandani chini ya makoti. Sanduku la barua, reli ya ngazi, jiko la kuchomea soseji ambalo halishiki kutu mpaka kiama, vyote vimetengenezwa na mafundi kwa mabaki ya bati la ndege, saa za kazi, wasimamizi wakiangalia juu kana kwamba dari lina picha. Na katika karakana ya riveti, vile vipini vya chuma vinavyobana bati kwa bati, kule alikokuwa Aimé, walikuwa na lao zaidi. Mwenzao akifa na kuchomwa, majivu yake hayawekwi kwenye chombo cha dukani. Wanamtengenezea sanduku. Bati la ndege, riveti za ndege, limefungwa kama bawa linavyofungwa. Aimé kawatengenezea karibu wote. Alikuwa anaingia mle gerejini na mwenzake mmoja, wanatoka na sanduku.

"Sasa langu nani atalitengeneza?" akaniuliza.

Nikaanza kuwataja. Huyu? Kafa. Yule? Kafa. Floréal? Floréal yupo, lakini mikono yake inatetemeka mpaka supu anakunywa kwa mrija. Vijana? Siku hizi riveti zinapigwa na mashine, kijana anaangalia kwenye kioo cha kompyuta na kunywa kahawa.

"Kaka," nikamwambia, "dukani wanauza ya mbao, mazuri, yana maua pembeni."

Aliniangalia kama vile nimemwambia anywe divai na barafu.

"Utalitengeneza wewe."

"Mimi?"

"Wewe unapiga, mimi nashika."

Jamani. Mimi kiwandani nilikwenda kuomba kazi mara moja tu maishani. Wakaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikawaambia mpaka dirishani, hapo ndipo nilipotokea. Tangu hapo nauza nje ya geti: kuku, miavuli, miwani ya jua, viti chakavu vya ndege. Na Aimé siku zote, akiwa na wenzake, alikuwa ananiita "ndugu yangu wa nje ya geti." Wanacheka. Mimi nacheka kuliko wao.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nataka kuliona limekwisha. Nataka kila riveti ipite chini ya kidole changu kabla sijaenda. Sitaki kulala kwenye kazi ambayo sikuikagua."

Nikamwambia sawa. Nilidhani nasema tu, kama ninavyowaambia wateja kwamba kuku ametoka shambani jana.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimepata bati! Zito, safi, la alumini, nimebadilishana na jamaa mmoja kwa miavuli. Nikampelekea Aimé nikitembea kama bwana harusi. Akaligonga kwa kucha. Akaligeuza. Akakwangua rangi kidogo kwa funguo.

"Titou."

"Naam, kaka."

"Hii ni alama ya barabarani."

Kweli bwana, chini ya rangi kulikuwa na nusu ya ng'ombe. Tahadhari, mifugo. Nikamwambia basi tutakuzika nalo hivyohivyo, wanaokuja watajua kuna hatari mbele. Hapo akacheka, akakohoa, Huguette akatoka na kunifukuza.

Alhamisi, 19 Oktoba

Autan. Kichwa kinauma. Kuku wachache.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Slimane, mwenye yadi ya vyuma nyuma ya uwanja wa ndege, kule ndege nzee zinakokatwa. Zimekaa pale pua zimetolewa, kama samaki waliokatwa vichwa. Nikamweleza yote, bila kupunguza bila kuongeza, na hiyo kwangu ni mara chache.

Slimane akachukua msumeno, akaenda kwenye mlango mmoja wa mizigo, akakata.

"Nikulipe nini?"

"Usinitukane, Titou. Niletee kuku siku ukipita."

Nikampelekea Aimé. Akapitisha kidole gumba juu ya lile bati taratibu sana, mwanzo mpaka mwisho, macho kafumba. "Hili," akasema. Basi.

Jumanne, 24 Oktoba

Somo la kwanza. Kompresa, ile mashine ya hewa, nimeazima kwa fundi matairi, na nyundo ya upepo ni ya Aimé mwenyewe, imelala kwenye kitambaa kama mtoto.

Kazi yenyewe iko hivi. Mabati mawili yanalaliana, tundu limepita yote mawili. Riveti unaiingiza kutoka nje. Mimi niko nje na nyundo, Aimé yuko upande wa pili na kipande cha chuma kizito, anakikandamiza kwenye mkia wa riveti. Mimi napiga, chuma chake kinakataa kusogea, na mkia unavimba na kukaza. Anayepiga haoni mkia. Anayeshika haoni kichwa. Na kelele zile, hata mwenye masikio hasikii. Kwa hiyo wanaongea kwa kugonga. Aliyeshika akigonga bati mara moja, nzuri, songa mbele. Mara mbili, ongeza. Mara tatu, mbovu, toa.

Na kutoa ni kuichimbua kwa drili, polepole, bila kuharibu tundu, kisha unaanza upya.

Leo kila riveti nimegongewa tatu. Toka mchana mpaka chai.

"Unapiga kama unafukuza nyuki," kasema Aimé.

"Nyuki wangekuwa wameshakufa."

"Kwa kucheka."

Alhamisi, 26 Oktoba

Toa. Toa. Toa. Toa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nusu kuku, nusu kuku, nusu kuku. Kuna habari kwamba shirika moja kubwa limefuta oda. Jamaa wa ofisi ya michoro, ambaye juzi alinunua bata na kunionyesha picha za bwawa lake jipya, leo kauliza shingo. Nikampa na mabawa. Mji huu bwana, mtu akikunja uso kule mbali anakonunua ndege, sisi huku tunapunguza chumvi.

Jumatano, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ya kuwapelekea wafu maua. Nimeuza maua ya krisanthemu mlango wa makaburini, yote yamekwisha.

Floréal kapita, mikono kaificha mfukoni ili isionekane inavyocheza. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga, Aimé akishika, maisha yao yote ya kazi. Mdomo wake hautetemeki.

"Nasikia Aimé kapata mwenza mpya. Wamekutoa wapi, kwenye sufuria?"

"Babu wee, mimi napiga riveti inaimba."

"Inalia, siyo inaimba." Kisha akasogea karibu, harufu ya sigara ya kusokota. "Sikiliza, Titou. Kaka yako anashika kama ukuta. Chuma chake hakijawahi kuteleza, hata siku moja. Riveti ikienda kombo jua ni wewe. Usije ukamsingizia."

"Kwa nini huji kumwona?"

Akaangalia maua. "Nije nifanye nini? Nishike nini, na mikono hii?" Akaondoka bila ua.

Jumanne, 7 Novemba

MOJA!

Kagonga mara moja! Nilikuwa nimeshainama kuchukua drili, nikadhani masikio yangu yamechoka. Nikachungulia upande wake. Aimé kanikazia macho: "Unangoja mshahara? Inayofuata."

Inayofuata ilikuwa mbaya. Lakini baada yake tatu nzuri mfululizo. Huguette kaja na kahawa mpaka gerejini, kavuka kizingiti ambacho sijawahi kumwona akivuka, kaweka kikombe changu kwanza. Sikuwa nimevua viatu wala nini.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua. Upande wa kwanza umekwisha.

Alhamisi, 16 Novemba

Leo ndege mpya imeruka mara ya kwanza. Mji mzima umehamia kwenye uzio wa uwanja: shule imefungwa, benki imefungwa, kasisi kaja na kiti chake cha kukunja. Nimeuza soseji mpaka mkate ukaisha, nikaanza kuuza soseji mkononi. Aimé alitaka kwenda, tumempeleka kwa kiti cha magurudumu, kofia mpaka kwenye nyusi. Amepungua. Kumpakia garini nilimbeba peke yangu, nikamtania kwamba nimezoea kubeba kuku wazito zaidi, na baada ya kusema nikatamani nisingesema.

Ndege ikakimbia, ikainuka. Watu wote shingo juu, midomo wazi, wengine wanalia. Ndivyo tulivyo hapa, tunailia kama mtoto anayeondoka nyumbani. Mimi mwenyewe kamasi zilinitoka.

Aimé hakuangalia juu. Alikuwa anaangalia watu.

"Angalia juu kaka, inapita!"

"Kesho gazeti litaandika jina la rubani," akasema. "Hakuna hata mmoja atakayeuliza nani alishika."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma bei sokoni. Siku zote nilidhani kaka yangu ana maringo, kwamba geti lile lilimpandisha juu yangu. Leo nimemwona pale chini ya kofia, mtu ambaye alikaa maisha yake yote upande wa ndani wa mabawa, gizani, akisukuma chuma ili mwingine apige. Na mimi nje ya geti nilikuwa napata jua bure.

Jumatatu, 20 Novemba

Autan umerudi. Aimé hakuweza kushuka gerejini. Tumehamishia kazi chumbani kwake. Huguette katandika turubai langu la soko juu ya zulia lake. Nimevua viatu mwenyewe.

Jumanne, 21 Novemba

Nataka kuandika hii vizuri lakini sijui itatokaje.

Tuko upande wa nne. Aimé kitandani, kaegemea mito, sanduku limesimama katikati yetu, yeye kapitisha mkono ndani na chuma chake. Kompresa iko nje dirishani ili asisumbuke na moshi. Tukapiga ya kwanza, akagonga moja. Ya pili, moja. Ya tatu nikasikia mwenyewe kwenye kiganja kwamba imekwenda vibaya, nyundo iliruka, kile kitu kama kukanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikazima, nikachukua drili kabisa.

Akagonga mara moja.

Nikangoja. Nikadhani mbili zinazofuata zimechelewa. Hazikuja.

Nikainama kuangalia ndani. Mkia umelala upande kama mlevi. Na chuma chake kilikuwa kimeteleza, kimekaa juu ya shuka. Hakikuteleza kwa sababu yangu. Mkono wake ulikuwa hauwezi tena. Na macho yake yalikuwa yananiangalia, na yalijua.

"Moja," akasema. "Endelea."

Huyu ni mtu aliyenichimbulisha riveti kwa kosa ambalo hata kwa miwani silioni. Nilikuwa nimemtukana kimoyomoyo wiki nzima kwa hizo tatu zake. Leo ningetoa gari langu, na majiko yake, anigongee tatu.

Nikachukua drili, nikaichimbua.

"Nimesema moja!"

"Mbovu," nikamwambia.

"Nani fundi hapa?"

"Fundi ni wewe. Mimi ni wa nje ya geti, sijui kudanganya kazi, najua kudanganya bei tu."

Nikafikiri atanifukuza. Huguette, ambaye alikuwa mlangoni muda wote, akaja akakaa kitandani nyuma yake, akapitisha mkono wake chini ya mkono wa mumewe, akashika kifundo cha mkono pamoja na chuma.

"Sasa," akamfokea sikioni. "Mimi nabeba, wewe unashika."

Tukaipiga tena. Kimya. Kisha nikasikia kugonga, kidogo sana, moja.

Nikaangalia. Nzuri. Nzuri kweli.

Ijumaa, 24 Novemba

Riveti mbili asubuhi, mbili jioni. Zaidi hawezi. Upepo hauachi.

Jumamosi, 25 Novemba

Sokoni watu wananiuliza hali ya Aimé kabla ya bei ya kuku. Sijatania mtu leo. Mama mmoja kaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 28 Novemba

Pande zote nne na chini, tayari. Kifuniko Aimé alishakipima na kukitoboa mwenyewe tangu mwezi uliopita. Leo kapitisha kidole gumba kila riveti, Huguette akimwongoza mkono. Imechukua muda mrefu. Kwenye moja akasimama, nikafikiri haya, toa. Akasema, "Hii ni ya tarehe ngapi?"

"Sijui kaka."

"Nzuri."

Kisha, kwangu mimi, si kwa sanduku: "Ungeingia kiwandani, dogo, ningekuchukua upande wangu." Akalala.

Alhamisi, 30 Novemba

Amekufa asubuhi, wakati Huguette anachemsha maji. Upepo ulikuwa umetulia.

Jumamosi, 2 Desemba

Sikufungua.

Jumatano, 6 Desemba

Jana tumemchoma. Leo Huguette na mimi tumekaa mezani jikoni, majivu tumeshayatia ndani, kwa mikono miwili kila mmoja. Sanduku linang'aa. Nikaweka kifuniko, kikakaa sawasawa, tundu juu ya tundu, kazi ya Aimé. Nikaunga kompresa. Nikaingiza riveti ya kwanza. Nikainua nyundo.

Nikashusha nyundo.

"Nini?" akauliza Huguette.

"Shemeji, nani atashika kwa ndani?"

Tukaliangalia lile sanduku. Limefungwa kote. Hakuna pa kupitisha mkono, hakuna pa kupitisha hata kijiko. Yeye aliyefunga mabawa miaka yote, alisahau kwamba kwenye bawa kuna kitundu cha mtu kutokea. Alipima kila kitu, akatoboa kila kitu, na mimi mwanafunzi wake nikafuata, na hakuna aliyewaza. Fundi mwingine yeyote, wa vyungu, wa viatu, asingekosea hivi. Huguette akaanza kucheka. Sijawahi kusikia kicheko chake hivyo, kinatoka tumboni kama cha mwanamume. Mimi nikacheka, tukapigapiga meza, kisha tukajikuta hatucheki tena.

Nikaenda garini. Kwenye kisanduku cha vifaa nina zile riveti za kuvuta kwa koleo, ambazo mtu anafunga peke yake kutoka nje, hazihitaji wa kushika. Ndizo nilizofungia bomba la moshi la jiko la kuku. Aimé angezitemea mate. Nikafunga kifuniko kwa hizo, pembe moja baada ya nyingine. Zinasema tik, basi. Hakuna wa kugonga.

Ijumaa, 8 Desemba

Makaburini, mbele ya ukuta wanamowekwa majivu ya wafu. Baridi, jua jeupe, ndege moja ya majaribio inazunguka juu. Wamekuja wazee wa karakana waliobaki, ambao wanatembea na ambao wanasukumwa. Wana desturi yao: kabla sanduku halijaingia ukutani linapita mikononi mwao, kila mmoja anapitisha kidole gumba kwenye riveti, hakuna anayesema. Nilisimama pale kama mshtakiwa. Likapita, likapita. Vidole havikusimama.

Likamfikia Floréal wa mwisho. Mikono inatetemeka mpaka bati linalia, Huguette kamshikia upande mmoja. Kapitisha upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne kauendea polepole zaidi. Akafika kwenye kifuniko, kidole kikasimama.

"Titou. Hizi ni za kuku."

Wote wakageuka.

"Ndiyo babu."

"Unamfunga Aimé kwa riveti za kuku?"

"Ningefanyaje? Kwa ndani hakukuwa na mtu wa kushika."

Floréal kaliangalia sanduku. Kaniangalia mimi. Kisha akasema, bila kutabasamu, kama fundi anayemsahihisha mwanafunzi:

"Hakukuwa na mtu? Si alikuwemo yeye?"

Mmoja akacheka puani, mwingine akafuata, na punde ukuta mzima wa wazee ulikuwa unacheka, wenye magongo wamejishikilia kwenye magongo, kasisi kageuka kuangalia misonobari. Nikacheka nao. Wao wakanyamaza, wakaliweka sanduku ukutani, jiwe likafungwa, wakavaa kofia zao. Mimi nilikuwa bado nacheka, uso umelowa. Huguette akanishika kiwiko, akanipeleka taratibu mpaka garini, akanifungulia mlango wa upande wa abiria, akaendesha yeye.